Daftari la Pande Mbili

Daftari ni moja, kurasa tisini na sita,
lilinunuliwa Barabara ya Kumi na Mbili, Ngamiani.
Mbele anaandika mama:
majina ya wanawake ishirini, elfu tano kila Jumatatu.
Nyuma, kichwa chini miguu juu, naandika mimi:
mbwa.

Nyumba hii haina mbwa. Watu wa humu
wakiguswa na pua mbichi ya mbwa wa jirani
huosha mara saba, na moja kwa udongo.
"Na huyo wa kwenye simu?" mama aliniuliza siku ya kwanza.
"Akilamba kioo?"
Nikacheka. Yeye hakucheka. Alifuta kioo kwa ncha ya kanga
akarudi kwenye hesabu zake.

Walinipa sarafu elfu kumi za kuanzia.
Elfu kumi! Nikaingia soko la mbwa
kama bwana harusi aliyeazima suti.
Elfu saba zikaenda kwa jike mmoja mrefu,
nywele zinamwagika hadi chini.
Nikamwita Watasema.
Kiingilio mia nne, maonyesho sita, siku moja,
maana nani awe na mbwa kama huyu
kisha amfungie bandani?

Hakimu wa kwanza: wa kumi na moja kati ya kumi na wawili.
Wa pili: wa kumi na moja.
Wa tatu hakumtazama.
Hakuna aliyeniambia kwamba mbwa hufunzwa kusimama
kabla ya kulipiwa asimame.
Zikabaki mia sita. Chakula hamsini kwa siku,
na zile nywele, kuzichana tu, sabini.
Gawanya mwenyewe.

Siku ya sita Watasema alikuwa amelala,
juu ya kichwa chake bakuli dogo jekundu
linawaka, linazima.

Kwetu, mchezo ni neno la mama.
Yeye ndiye kijumbe; hupita nyumba kwa nyumba
akikusanya noti zenye harufu ya dagaa na mafuta ya nazi.
Akaniona nimeshika tama, akauliza
kama anavyowauliza wenzake:
"Kwenye huo mchezo wenu, zamu yako ya kupokea lini?"
Nikamweleza yote. Akaguna.
"Umetoa viingilio sita hujanunua unga."
Hakuongeza neno. Bi Mwanamkuu alikuwa mlangoni.

Nikamuuza Watasema, elfu tatu na mia mbili,
kwa mtu aitwaye Mfalme wa Mkia, sijui yuko nchi gani.
Nikanunua vijibwa wawili wa bei ya kutupa,
masikio hayalingani.
Nikaandika, kalamu ikikwaruza:
chakula cha siku thelathini, kando. Usiguse.
Mafunzo. Usiguse.
Kiingilio kimoja, Ijumaa, kama kuna chenji.

Mwezi wa pili Mama Sechambo alipokea fungu lake, laki nzima.
Jumatatu iliyofuata mlango wake una kufuli.
Wengine walisema Korogwe, wengine Mombo.
Mtu akikimbia, kijumbe ndiye hulipa.
Cherehani iliondoka alasiri, juu ya guta,
gurudumu lake likizunguka lenyewe
kila penye shimo.

Usiku ule nilikuwa na sarafu elfu kumi na moja.
Nilizitazama mpaka chaji ikaisha.
Hazina mlango wa kutokea.
Hazinunui hata sindano.

Leo kijibwa yule mwenye sikio lililolala
amekuwa wa tatu. Utepe wa kijani. Mia tisa.
Nikampelekea mama. Akatazama kwa muda,
simu mbali na macho.
"Kiingilio kilikuwa ngapi?"
"Mia nne."
"Na chakula?"
"Kipo kando."
Akaitikia kwa kichwa, akalamba kidole,
akafungua ukurasa mpya upande wake.
Jina la Mama Sechambo bado analiandika,
na mbele yake elfu tano, kwa mwandiko uleule.

Alipomaliza, nikaligeuza daftari.
Nimezihesabu: kati yake na mimi
zimebaki kurasa nne nyeupe.